Jina Kubwa Halichezi Mpira

Mwanafunzi wa skuli ndogo, akutanapo na wale wa skuli yenye sifa, aghalabu hushindwa kabla ya kuanza, kwa kuwa hulitazama jina asimtazame mtu. Habari za Chuo cha Centre, kilichoko Danville katika jimbo la Kentucky, Marekani, zafaa kumwondolea hofu hiyo; na mwisho wake wafaa kumwonya yule aliyekwisha kupata sifa.

Chuo hicho kiliwekwa mwaka 1819, na karne moja baadaye wanafunzi wake walikuwa 300 hivi tu. Walicheza ule mpira wa Kimarekani, ambao mpira wake una umbo la yai, nao huchukuliwa mikononi na kukimbizwa mpaka ng'ambo ya mstari wa nyuma wa wapinzani. Afikaye huko huipatia timu yake pointi 6. Mwalimu wao alikuwa Charley Moran, na mchezaji wao mashuhuri Bo McMillin, kijana wa kutoka Texas.

Oktoba 1920 walikwenda kupambana na Harvard, chuo kikongwe kuliko vyote nchini humo, kilichowekwa mwaka 1636. Nusu ya kwanza ilikwisha wakiwa sawa, 14 kwa 14, lakini mwishowe Harvard ilishinda kwa 31. Wako ambao wangaliridhika kusimama uwanja mmoja na wakubwa, wakaenda zao wakijisifu. Vijana wa Centre hawakuridhika. Mwaka uliofuata walirudi.

Harvard haikushindwa hata mara moja katika miaka ya 1919 na 1920. Tarehe 29 Oktoba 1921 watu zaidi ya 40,000 walihudhuria, na mpaka mapumziko hapana aliyepata kitu. Waliporudi uwanjani, McMillin aliushika mpira akakimbia yadi 32, akiwaepa walinzi huku na huku, hata akauvuka mstari. Baada ya hapo kazi ilikuwa kulinda kile kilichopatikana, nao wakakilinda mpaka mwisho: 6 kwa 0. Huko Danville watu waliandika kutani "C6 H0", mfano wa maandishi ya elimu ya kemia, na kila apitaye akaelewa.

Basi Centre nayo ikawa jina kubwa. Mwezi Desemba iliishinda Arizona 38 kwa 0 huko San Diego, kisha ikaenda Dallas, Texas, kucheza tarehe 2 Januari 1922 na Chuo cha Kilimo na Ufundi cha jimbo hilo, ambacho Moran mwenyewe aliwahi kukifundisha mchezo zamani. Asubuhi ya siku hiyo McMillin alifunga ndoa. Msimu ule Centre ilikuwa haijashindwa, na wengi walidhani kwamba hao wakulima na mafundi watakuwa karamu ya arusi.

Mambo yakawa kinyume. Wachezaji wa Texas waliumia mmoja baada ya mwingine, hata mwalimu wao, Dana X. Bible, akaona huenda watu wakamwishia. Akamwita kijana E. King Gill, aliyekwisha kuiacha timu hiyo ili acheze mpira wa kikapu, naye siku hiyo alikuwa ameketi na waandishi wa magazeti akiwatambulisha wachezaji. Gill hakuuliza swali. Alivaa nguo za mwenziwe aliyeumia, akasimama kando ya uwanja, tayari. Texas ilishinda 22 kwa 14, wala Gill hakupata kuingia. Lakini hata leo wanafunzi wa chuo hicho husimama muda wote wa mchezo kwa kumkumbuka.

Mpanda ngazi hushuka. Lililowapata Harvard mwezi Oktoba liliwapata Centre mwezi Januari, maana wote wawili walikutana na watu wasiojali jina. Aliye mdogo na asimame tayari kama Gill. Na aliye mkubwa akumbuke kwamba uwanjani sifa za jana hazihesabiwi.