Lugha Yetu: Sikio na Karatasi ya Mtihani

Mtihani wa K.C.P.E. ulikoma mwaka 2023, baada ya kufungua na kufunga milango ya shule za sekondari za Kenya tangu mwaka 1985. Lakini karatasi zake hazikutupwa. Katika nyumba nyingi zingalimo, ndani ya makabati na chini ya magodoro, na wazazi huzitoa jioni ili wawafunze watoto ambao wenyewe hawataufanya mtihani huo kamwe.

Nyumba mojawapo iko Muyeye, katika mji wa Malindi. Mwenye nyumba ni karani. Mkewe ni Mgiriama, na shamba la wazazi wake liko upande wa Ganda. Binti yao yumo katika Gredi ya 9, na mbele yake upo mtihani wa K.J.S.E.A., ambao ulifanywa mara ya kwanza mwaka 2025. Katika kila alama 100 zinazompeleka mtoto shule ya sekondari ya juu, alama 60 hutoka katika mtihani huo. 20 ni za mtihani wa Gredi ya 6, na 20 ni za kazi zilizofanywa shuleni. Kwa hiyo yule karani hakuona haya kufungua karatasi ya zamani ya Kiswahili, yenye maswali 50: 15 ya kujaza mapengo katika vifungu, 15 ya sarufi, na 20 ya ufahamu. Kila swali lina majibu manne, na moja tu ndilo la kweli.

Binti alijibu yale 15 ya sarufi akakosa 7. Kisha baba akamwandikia sentensi tano zenye makosa, azisahihishe kwa kalamu, akaharibu tatu. Baba alinyamaza kwa muda. Mtoto amezaliwa Malindi, nyanya yake ni mwenyeji wa Mvita, na Kiswahili ndicho anachoamkia. Yawezekanaje akose katika Kiswahili? Hasira ilimjia, akakaribia kusema kwamba simu ndiyo inayompoteza. Lakini alipoyatazama makosa lile moja baada ya lile, aliona kwamba hayakuwa ya uvivu. Mtoto alikuwa akijibu kwa sikio lake, na sikio hilo limelelewa vizuri, ila si na watu waliotunga mtihani.

Tutazame swali la kwanza alilokosa. Lilikuwa la namna hii: “Vikapu vya maembe ya shangazi ____ sokoni.” Majibu ni yamepelekwa, vimepelekwa, amepelekwa, zimepelekwa. Binti alichagua “yamepelekwa”, kwa kuwa maembe yanasikika karibu na pengo, na mawazo ya mtu hukimbilia maembe kabla ya vikapu. Hapo ndipo mtego ulipo. Mtungaji wa swali huweka jina lenye amri mwanzoni, kisha hulitenga na kitendo chake kwa majina mengine mawili au matatu, ili msomaji mwenye haraka amtii mtumishi badala ya bwana. Dawa yake ni kuuliza: ni nini kilichopelekwa? Ni vikapu. Basi majibu matatu yafutwe kwa kalamu papo hapo, na lililobaki ndilo. Waalimu wa siku hizi huliita jina “nomino”, nao wana haki. Lakini kwa jina lo lote liitwalo, yampasa mwanafunzi alitafute kabla hajatazama A, B, C wala D.

Mama mtu, aliyekuwa akichambua mchicha, alisikia habari hii akacheka. Alisema kwamba kwao mtu mmoja ni “mutu” na wengi ni “atu”, mti ni “muhi” na mingi ni “mihi”, kiti ni “kihi” na vingi ni “vihi”. Na kila neno linalofuata hubadilika pamoja na jina. Hakuwa na habari kwamba jambo hilo laitwa ngeli, na shuleni hakukaa sana. Hata hivyo alikuwa ametoa somo ambalo vitabu vingi hulieleza kwa kurasa kumi. Mtoto wa Kigiriama asidhani kwamba ngeli ni mzigo wa wageni. Amezibeba tangu kunyonya, isipokuwa baadhi ya alama zake zina sauti nyingine.

Zipo nyakati ambapo jina lenyewe halijulikani mpaka yatazamwe maneno yalifuatayo. “Ua wa jirani umebomoka” na “Ua la jirani limenyauka” ni sentensi mbili zenye jina la sauti moja. Ya kwanza ni boma, na wingi wake ni “Nyua za majirani zimebomoka”. Ya pili ni ile inayonukia, na wingi wake ni “Maua ya majirani yamenyauka”. Mwenye kuona “wa” na “um-” hawezi kupotea. Binti alikuwa ameandika “maua yamebomoka”, na alipolisoma kwa sauti alicheka mwenyewe.

Sentensi ya “ambaye” ilimshinda kwa njia nyingine. “Mzee ambaye aliyenunua shamba lile ni jirani yetu.” Alisema haina kosa, na kwa kweli sentensi kama hiyo husikika kila siku sokoni, redioni, na hata katika hotuba za wakubwa. Lakini hapo ndoo moja imefungwa kamba mbili. Yatosha “mzee ambaye alinunua”, au “mzee aliyenunua”. Kadhalika “katika shambani”: ama “katika shamba”, ama “shambani”. Na “kila watu” ni “kila mtu”. Makosa haya matatu yajulikane kwa moyo tu, wala hayahitaji maelezo marefu.

Swali lililowaweka hadi usiku ni hili: “Kama mvua ingalinyesha, mahindi yangestawi.” Mtihani wataka vitendo viwili vivae nguo moja: ama “ingenyesha ... yangestawi”, ama “ingalinyesha ... yangalistawi”. Binti aliuliza, “Baba, tofauti yake ni nini, ikiwa yote ni mvua ambayo haikuja?” Baba alitaka kumjibu kwa maneno ya kitabu, akaona hayatoshi, akamwambia afikirie shamba la Ganda. Mwezi wa Aprili mkulima atazamapo mbingu na udongo ungali mkavu, husema, “Ingenyesha, yangestawi”. Mbegu zimo ardhini na tumaini lingaliko. Mwezi wa Agosti, mabua yakiwa yamekauka, husema, “Ingalinyesha, yangalistawi”. Hapo hakuna tena la kungoja. Mama mtu aliacha mchicha. Alisema kwamba yeye ameyasema yote mawili, na mwaka wa la pili waliuza mbuzi.

Ni haki kusema pia kwamba wazee wengi wa pwani, na hata waandishi wa zamani, huvichanganya viungo hivi wala hawaeleweki vibaya. Hapo mtihani umekuwa mkali kuliko wenye lugha. Lakini mtoto aliye mbele ya karatasi hapewi nafasi ya kujitetea. Afanye kama karatasi itakavyo, na hoja zake aziweke mpaka atakapokuwa yeye mtungaji.

Jambo lililoleta ugomvi mdogo lilitokea katika sentensi za kalamu. Binti alisahihisha vema upatanisho wote wa sentensi moja, kisha akaandika “ndia” mahali pa “njia”. Baba alipiga mstari mwekundu. Nyanya, aliyekuwa kimya barazani, akauliza ni kosa gani hilo, maana ndivyo alivyozaliwa nalo, na mamake naye kabla yake. “Mato, ndia, mtele, leo mwasema si Kiswahili?”

Karani alijibu kwa adabu, “Si kosa, mama. Ni letu. Lakini mtihani una lugha yake uliyopewa.”

Na ni kweli kwamba ulipewa. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikusanya maneno ya Kimvita, na kamusi yake ilipigwa chapa mwaka 1882. Edward Steere alifanya kazi yake Unguja, na kitabu chake cha lugha kilitoka mwaka 1870. Kwa miaka mingi Kiswahili hivi viwili vilishindana katika vitabu vya shule. Mwaka 1928 mkutano ulifanywa, tena Mombasa penyewe, na humo Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi. Na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kusawazisha vitabu. Tangu hapo “njia” ikapata shule na “ndia” ikabaki nyumbani na katika tenzi. Nyanya hakupata kujua habari hiyo, kwa kuwa wakati wake Kiswahili hakikuwamo katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, C.P.E. ilikuwa na Kiingereza, hesabu na maarifa ya jumla. Kiswahili kililazimishwa na kutahiniwa kwa kila mtoto kuanzia mwaka 1985.

Mwalimu apigaye mstari chini ya “ndia” anatimiza wajibu wake. Amwambiaye mtoto kwamba nyanya yake hajui Kiswahili anasema uongo, na uongo huo humfanya mtoto aogope kufungua kinywa nyumbani na shuleni pia.

Nyanya alilipa kisasi upesi. Swali jingine lilisema, “Chumbani humu ____ panya wengi,” na majibu yalikuwa kuna, pana, mna, ina. Binti alisema “kuna”, kama wasemavyo vijana wote wa mjini. Baba naye alisita, akaitazama karatasi, akataka kumkubalia.

“Humu mna,” nyanya alisema bila kugeuka. “Kule kuna, pale pana, humu mna. Umesomea wapi wewe?”

Karani alitazama majibu nyuma ya kitabu. Lilikuwa “mna”. Swali hilo ni gumu kwa watoto wengi waliokulia mbali na wazee wa pwani, na hapa jibu lilikuwa limeketi barazani likitafuna tambuu.

Basi walibadili mpango wao. Siku hizi binti hutafuta jina lenye amri kwanza na kulipigia mstari. Hufuta majibu yasiyowezekana. Na yakibaki mawili yanayofanana, huyasoma kwa sauti ili nyanya ayasikie, kisha huyapima kwa kanuni. Mara nyingine nyanya na kanuni hukubaliana. Wasipokubaliana, kanuni ndiyo inayoandikwa katika karatasi. Katika maswali mengine 15 ya juma lililofuata alikosa matatu tu, na mojawapo ni la mahali, ambalo alilijibu nyanya akiwa hayupo.

Nyuma ya daftari lake pana ukurasa uliogawanywa kwa mstari katikati. Upande mmoja pameandikwa Mtihani, na upande wa pili Nyumbani. Njia, ndia. Macho, mato. Mchele, mtele. Mti, muhi. Maji, madzi. Nyanya na mama humtajia maneno kwa zamu, na baba amekatazwa kuutumia ukurasa huo wino mwekundu.