BARIDI INATOKA CHINI

Wandugu wanafunzi, na ninyi walimu wetu,

Kila mara tukikusanya vitu kwa ajili ya ndugu waliokimbia vita, darasa zote zinaleta kitu kimoja: nguo za kujifunika. Ni vizuri, hatusemi tuache. Lakini sisi makapita tunaona tunasahau nusu ya kazi.

Wengine wanauliza: Bunia iko karibu na ekweta, baridi gani hapa? Kweli, hatuna theluji kama Ulaya. Lakini mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1.200, na usiku hewa inaweza kushuka karibu digri 16. Mwili wa mtu unataka 37. Mtu aliyelowana akilala inje namna hii, anatetemeka mpaka asubuhi, na mtoto mdogo anaumia kupita mkubwa. Waliolala karibu na uwanja wa ndege mwaka 2003, na wale waliotoka Djugu mwaka 2018 wakalala kwenye kiwanja cha Hospitali Kuu, hawana lazima ya kufundishwa jambo hili.

Basi, joto linapotea wapi? Kwanza, chini. Udongo wenye maji unanyonya joto la mwili usiku kucha. Ukiwa na blanketi mbili juu na chini hakuna kitu, ni bure. Heri moja juu, na chini bashi, halafu majani makavu mingi, halafu mkeka. Bashi peke yake inazuia maji, lakini baridi inapita.

Pili, maji. Mfereji mdogo kuzunguka kibanda, kuanzia upande wa mlima, unapeleka maji fasi ingine. Tena nguo iliyolowana ivuliwe mbele ya kulala, hata kama iliyo kavu ni moja tu, na kichwa kifunikwe.

Lakini jiko la makala lisiingie kamwe ndani ya kibanda kilichofungwa! Makala inatoa gazi isiyo na harufu. Watu wanalala na joto, kumbe hawaamki tena.

Tusome Kutoka 22. Aliyeshika vazi la maskini kama rehani aliamriwa kulirudisha mbele ya jua kushuka, sababu maskini hakuwa na kingine cha kulalia. Mungu hakuangalia mchana wa maskini tu, aliangalia usiku wake pia.

Kwa hiyo tunaomba hivi: safari hii kila darasa ilete mikeka, kartoni na magunia matupu pamoja na nguo. Na siku ya posho, kwa ruhusa ya Prefe, wenye nguvu waende na majembe kuchimba mifereji. Asiye na nguo ya kutoa ana mikono. Mfereji hauombi franka, na mvua ya mwezi wa kumi haingoji mtu.

Kwa jina la makapita wote,
Kapita wa masomo, mwaka wa mwisho