VIWANDA VINARUDI MAREKANI: VINAMRUDIA NANI?



Maneno ni mengi kwamba Marekani yataka viwanda vya simu, televisheni na kompyuta virudi nyumbani kutoka China na ng'ambo kwingine. Mwaka 2025 Serikali ya huko ilipandisha ushuru wa forodha, na hiyo ikatajwa kuwa sababu mojawapo. Wako wenzetu hapa karakanani wanaopiga makofi na kusema, "Hao ndio viongozi, wanawatetea wafanyi kazi wao." Sisi hatupigi makofi. Twauliza kwanza viwanda hivyo viliondokaje.

Wengi wadhani kazi iliibwa na Wachina. Sivyo. Kampuni ya RCA ilikuwa ikitengeneza redio mjini Camden, New Jersey. Mwaka 1936 wafanyi kazi wake waligoma ili chama chao kitambuliwe. Mwaka 1940 kampuni ikaanza kupeleka kazi Bloomington, Indiana, kwenye mishahara ya chini, ikaajiri wanawake wengi. Bloomington nako watu wakajiunga na chama, wakajua kudai haki. Miaka ya 1960 ikajaribu Memphis, kisha ikavuka mpaka hadi Ciudad Juárez, Mexico, na mwaka 1998 kiwanda cha Bloomington kikafungwa. Angalieni, ndugu: hatua mbili za kwanza hazikutoka nje ya Marekani hata kidogo! Tajiri hakuikimbia nchi yake. Aliukimbia mshahara, akakikimbia chama.

Sasa anaitwa arudi. Sisi tuliosoma shule za misheni twamkumbuka mwana mpotevu, aliyerudi na matambara akaomba awe kama kibarua. Huyu anarudi na tai shingoni, na kabla hajafika mlangoni auliza ndama yuko wapi.

Tazameni Wisconsin. Mwaka 2017 Foxconn, kampuni ya Taiwan inayounganisha simu za Apple huko China, iliahidi kujenga kiwanda cha vioo vya televisheni mahali paitwapo Mount Pleasant: dola bilioni 10, kazi 13,000. Jimbo nalo likaahidi msaada wa karibu dola bilioni 3. Watu walihamishwa majumbani mwao, barabara zikapanuliwa kwa fedha za umma, na mwaka 2018 Rais Donald Trump mwenyewe akashika sepetu mbele ya wapiga picha. Mwaka 2021 mkataba uliandikwa upya. Kazi zilizoahidiwa sasa zilikuwa 1,454. Lakini tuseme haki: zile bilioni hazikulipwa zote, kwa kuwa mkataba wa kwanza ulifunga malipo na idadi ya watu walioajiriwa. Kipengele kimoja tu kilichoandikwa vizuri ndicho kilichookoa mfuko wa wananchi. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Wengine walirudi kweli, wakashindwa. Motorola ilifungua kiwanda cha simu Fort Worth, Texas, mwaka 2013. Kabla mwaka 2014 haujaisha kilikuwa kimekufa. Apple ilipounganisha kompyuta zake Austin ilikwama kwa kukosa skrubu, maana karakana iliyopatikana karibu haikuweza kutoa zaidi ya 1,000 kwa siku. Sisi wa reli twaelewa upesi. Fundi wa kukereza vyuma akistaafu bila mwanafunzi, mashine yake yasimama palepale na vumbi juu. Ujuzi ukiachwa miaka thelathini haurudi kwa tangazo la ushuru. Na Waziri wa Biashara wa Marekani, Howard Lutnick, alisema wazi mwaka 2025 kwamba kazi hizo zitafanywa na mitambo inayojiendesha. Basi aliyefukuzwa Bloomington anaahidiwa nini?

Wala mfanyi kazi wa China si adui. Mwaka 2010, katika kiwanda cha Foxconn cha Shenzhen, vijana zaidi ya kumi walijiua, wengi kwa kujirusha kutoka juu ya majengo, na kampuni ikatandika nyavu. Anayedhani vijana wale walinyang'anya watu utajiri na aende akazitazame nyavu zile.

Kwetu je? Sheria ya mwaka 1990 iliwapa wenye viwanda vya kuuza nje, kama vile vya Athi River, miaka 10 bila kodi ya mapato. Twaambiwa tuvumilie, tusidai sana, tajiri asije akahama. Camden pia waliambiwa hivyo.

Twadai hivi: kila msamaha wa kodi ufungwe na idadi ya watu, kiwango cha mshahara na kutambuliwa kwa chama, vyote viandikwe katika mkataba, na asiyetimiza alipe kodi yote ya nyuma. Twataka Halmashauri ya Chama ilipeleke jambo hili mbele kabla ya mwaka kwisha. Wale wapiga makofi, kama wana jibu, waje nalo kwenye mkutano wa tawi.