Mbio za alfajiri zisikudanganye

Jumamosi moja, saa kumi na mbili na nusu hivi asubuhi, niko kijiweni Karatu na kikombe changu cha kahawa, baridi inauma mpaka kwenye mifupa. Mara huyo! Kijana wa jirani yangu kapita kama kafukuzwa na nyati, anatokea lango la Lodoare kule Ngorongoro. Mwenye saa akatazama saa, akashika kichwa. Kijiwe kizima kikasimama. "Huyu ndiye Bayi mpya!" mmoja akapiga kelele.

Jioni mama yake akabisha hodi. "Shemeji, wamesema mtoto yuko fiti. Niuze mbuzi apate nauli na kiingilio cha mbio za Moshi?"

Hapo ndugu msomaji kahawa yote ilinitoka kichwani. Mbuzi wenyewe wako wawili tu. Nikamwambia asubiri siku tatu, tumchunguze kijana kama wanavyochunguzwa farasi.

Usicheke. Sisi huku Karatu tunao punda, farasi wa mbio hatuna. Lakini vuka mpaka uende Nairobi, pale uwanja wa Ngong uliofunguliwa mwaka 1954, ukaone watu wanavyoweka fedha zao kwa farasi. Wajanja wa mchezo ule hawangoji siku ya mashindano. Wanaangalia mazoezi ya asubuhi, wakati jua halijawa kali na mnyama hajachoshwa na joto. Na saa wanayo mkononi, ila hawaiamini peke yake.

Kwa nini? Kwa sababu saa haisemi mpanda farasi alikuwa na uzito gani, wala kama alikuwa anavuta hatamu au anachapa fimbo. Farasi aliyekwenda mbio huku amezuiliwa ana akiba. Aliyepata muda ule ule kwa kuchapwa, huyo kamaliza kila kitu asubuhi, na siku ya mashindano atawatia watu hasara. Vile vile farasi aliyepita pembeni kabisa mwa uwanja amekwenda njia ndefu kuliko aliyebana kona, hata kama saa imewapa sawa.

Sasa rudi kwa kijana wetu. Barabara ya kutoka langoni kuja mjini sehemu kubwa inateremka. Kwenye mteremko hata mimi na kitambi changu naonekana mwanariadha! Ukitaka kumpima mtu mpe njia ile ile, saa ile ile, wiki baada ya wiki, halafu umpandishe kilima, ndipo ulinganishe.

Jambo la pili ni pumzi baada ya kusimama. Wakufunzi wa farasi humtazama mnyama akishamaliza: mbavu zinapanda na kushuka kwa muda gani? Moyo wa farasi aliyetulia hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, na akikimbia kwa nguvu zote unavuka 200. Aliye fiti hurudi chini haraka. Binadamu naye ni hivyo hivyo. Hesabu mapigo akifika, hesabu tena baada ya dakika moja na baada ya tatu. Mwezi hadi mwezi yakishuka upesi zaidi, mazoezi yanamwingia.

La tatu ni chakula. Farasi akirudi bandani akaacha majani na nafaka, mkufunzi hukunja uso. Anajua kazi ya asubuhi imezidi, au kuna ugonjwa unanyemelea.

La nne halihitaji hata kuvaa viatu. Mwanariadha akiamka, kabla hajatoka kitandani, aweke vidole kwenye kifundo cha mkono ahesabu mapigo dakika nzima. Aandike kila siku. Yakipanda ghafla kama kumi hivi juu ya kawaida yake, mwili unalalamika, hata kama miguu bado inajidai.

Kijana alikuwa na daftari. Kawaida yake ilikuwa 48. Asubuhi ya pili ya uchunguzi wetu tukapata 61. Nikamwuliza, "Mwanangu, ugali jana ulimaliza?" Akainama. "Shikamoo mzee, ukweli sikuweza." Kumbe wiki nzima alikuwa Mang'ola anapakia vitunguu usiku, na kule mbu hawana likizo. Zahanati wakampima: malaria!

Yaani ile Jumamosi kijiwe kilipokuwa kinamshangilia, ugonjwa ulikuwa tayari unapiga hodi. Muda alipata, mwili hakuwa nao.

Wakongwe watasema, mbona Filbert Bayi, mzaliwa wa hapa hapa Karatu, aliondoka mbele tangu mlio wa bastola kule Christchurch, Nyuzilandi, Februari 2, 1974, akaweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2? Kweli. Ila alikuwa na pumzi ya kumfikisha, John Walker akimfukuza kwa nyuma. Na Alphonce Simbu naye alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo, Septemba 15, 2025, kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 tu. Kwenye farasi wangesema ameshinda kwa pua. Ushindi wa namna hiyo hutoka kwenye akiba, na akiba haionekani kijiweni.

Kijana kamaliza dozi, anatembea, wiki ijayo ataanza mchakamchaka mdogo mdogo. Moshi atakwenda mwaka mwingine, Mungu akipenda. Nauli ya safari hiyo bado iko zizini, inakula majani.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.