Taa Imezimwa, Gari Haijatengenezwa

Wasee, leo tuongee kuhusu kitu kidogo kuliko punje ya mchele: rezista. Fundi anakipiga lehemu, anafunga dashibodi, anakuambia "imeisha hiyo", unalipa, unaenda. Msimamo wangu nauweka hapa mapema. Kubadilisha rezista kwa moduli ya gari ni kazi safi. Kuiweka mahali pa mfuko wa hewa halafu unyamaze, huo ni mtego unamwekea binadamu mwenzako.

Kwanza nimpe fundi heshima yake. Rezista moja ikiungua ndani ya moduli, utaambiwa ununue moduli nzima. Fundi mwenye mkono mtulivu na mita ataitoa iliyoungua, aweke nyingine ya omu zilezile na wati zilezile, na gari irudi barabarani. Kuna watu hupenda kunikumbusha ati niliacha chuo. Sawa, niliacha. Lakini mtu anayesoma saketi na kuokoa moduli kwa shilingi chache, simuulizi cheti ndio nimwite mtaalamu.

Sasa kuna ile kazi nyingine. Gari imegonga, mifuko ya hewa imefunguka, mipya ni bei. Taa ya SRS imekataa kuzima na mwenyewe anataka kuuza. Anamwambia fundi, "Wewe nizimie tu hiyo taa."

Elewa vile inafanyika. Ndani ya mfuko wa hewa kuna kiwashio chenye ukinzani wa kama omu 2. Ukiwasha gari, moduli hupitisha umeme kidogo sana, usioweza kukilipua, kupima kama bado kipo. Ikipata namba inayotarajia, taa inazima baada ya sekunde chache. Ikikuta njia imekatika, taa inabaki. Fundi anaweka rezista ya omu hizohizo pale mfuko ulipokuwa, moduli inapima, inaridhika. Moduli haina macho, inapima tu. Siku ya ajali itatuma umeme kama ilivyofunzwa, na umeme utaishia kwa rezista. Mfuko mzima ungejaa ndani ya kama milisekunde 30, kabla hujapepesa jicho. Rezista itapata joto, basi.

Mafundi wana hoja moja ambayo lazima nikubali ina uzito. Kwa gari nyingi, moduli ikiona hitilafu mahali pamoja inaweza kulemaza mfumo wote, hata mifuko iliyobaki mizima. Kwa hivyo wanasema rezista inaamsha ile mingine. Nimesikia. Lakini kama nia ni hiyo, mbona haiandikwi kwa risiti? Mbona mnunuzi haambiwi, "Huu wa abiria hauna kitu"? Juu ikiandikwa, bei inashuka. Hapo ndipo unajua kilichokuwa kinaokolewa ni bei.

Na tusimwangushie fundi mzigo wote. Yeye anatengeneza kile mteja ameagiza. Sisi wanunuzi tunajua sheria inakataa kuingiza gari iliyozidi miaka 8, tunauliza mwaka, tunauliza mafuta inakula aje, tunajaribu redio. Mfuko wa hewa hakuna anayeuliza. Halafu anayekaa kwa kile kiti si aliyeuza wala aliyepiga lehemu. Ni mamako umempeleka kliniki.

Kwa hivyo kabla utoe pesa, fanya hivi. Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya SRS lazima iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameichezea. Ikiwaka na kuzima, usisherehekee bado, juu rezista inapita huo mtihani, na hata skana inaweza kukuambia kila kitu ni sawa. Angalia kifuniko cha usukani na dashibodi upande wa abiria: mshono mpya, gundi, rangi isiyofanana. Vuta mikanda yote. Ikiwa imekwama, au ni mipya kuliko viti, uliza kwa nini. Ukibaki na shaka, lipa fundi unayemwamini afungue aone. Atoe waya wa betri kwanza na asubiri dakika kadhaa, kwa sababu moduli huhifadhi umeme. Na asiweke mita ya kawaida kwa kiwashio, inaweza kukilipua usoni mwake.

Najua kuna mtu anasoma hii na hana pesa ya mfuko mpya. Sikucheki. Acha taa iwake, vaa mkanda, endesha pole, na siku ya kuuza mwambie mnunuzi ukweli na upunguze bei. Hiyo ni biashara halali, kila mtu anajua anachobeba. Taa inayowaka inakuudhi, lakini inakuambia ukweli kila asubuhi ukigeuza ufunguo.

Fundi, wewe una nguvu kuliko unavyofikiria. Mteja akisema "nizimie taa", mwambie utaizima siku mfuko utarudi. Utakosa kazi hiyo moja, nakubali. Lakini mkono ulioweza kuokoa moduli nzima kwa rezista moja haukosi kazi nyingine.