Kalamu ya plastiki isichekwe: mtoto aandike, asiteleze kidole tu

Ndugu aliye Ubelgiji ao Kanada akiuliza atume nini kwa watoto waliohamishwa na vita, jibu la haraka huku Kivu ni moja: telefone ya kioo kikubwa. Akitaja mashini ndogo ya michezo ya zamani, ile Nintendo DS inayofungwa na kufunguliwa kama kitabu, watu wanacheka. Eti ni kitu kilichopitwa, hata WhatsApp haina. Kicheko hicho si cha haki. Kwa mtoto wa miaka 7 ao 8 ambaye shule yake imefungwa, ao imegeuzwa kuwa mahali pa kulala watu, mashini hiyo ya zamani inaweza kumfaa kuliko telefone. Sababu ni kile kijiti cha plastiki kilichofichwa ndani ya tundu lake.

Mashini hiyo ilitoka mwaka 2004, kwanza Marekani, kisha Japani, na zaidi ya milioni 154 ziliuzwa duniani. Ina vioo viwili. Cha juu ni cha kutazama tu. Cha chini kinaguswa kwa kalamu. Na namna kinavyofanya kazi si sawa na ya telefone za leo. Kioo cha telefone kina umeme wake kidogo, na kinasikia ukibadilika kidole kikikaribia, kwa sababu mwili wa mtu unapitisha umeme, ndiyo maana kidole chenye maji kinakisumbua na kijiti kikavu hakikiamshi. Kioo cha DS kinasikia uzito. Juu kuna ngozi laini ya plastiki, chini kuna kioo kigumu, katikati nafasi nyembamba sana. Kalamu ikibonyeza, ngozi ya juu inagusana na ya chini, umeme unapita pale pale, na mashini inajua ni wapi. Mkono ukiwa na vumbi la barabara, ukiwa umevaa gani ya mpira, ukiwa umetoka kuchota maji, kioo hakijali. Kinataka kubonyezwa tu.

Mwaka 2007, Steve Jobs alipoonyesha iPhone ya kwanza, aliicheka kalamu mbele ya watu. Alisema kidole kinatosha. Miaka 8 baadaye kampuni yake ikaanza kuuza kalamu ya tablete kwa dola 99. Kalamu ya DS ni kipande cha plastiki kisicho na betri wala waya ndani. Mwenye akili aamue ni ipi inayomfaa mama anayeishi chini ya hema.

Lakini jambo kubwa ni mkono wa mtoto. Telefone inafundisha mkono kuteleza: video inapita, nyingine inakuja, mtoto hafanyi chochote. Kalamu inataka ishikwe kwa vidole vitatu, ipelekwe polepole, isimame mahali. Katika mchezo wa hesabu wa Dr Kawashima, ambao uko pia kwa Kifaransa, mashini inashikwa wima kama kitabu. Hesabu zinaonekana upande mmoja, na mchezaji anaandika jibu kwa mkono wake upande wa pili. Akiandika 4 inayofanana na 9, mashini inasoma 9 na kumhesabia kosa. Mtoto analia kwamba ameonewa, kisha anajifunza kuandika 4 nzuri. Mwanzoni mchezo unauliza pia kama mtu anatumia mkono wa kuume ao wa kushoto, na wa kushoto anageuziwa kurasa. Wangapi walichapwa shuleni kwa sababu ya mkono huo?

Na kuna lingine, ambalo wazazi waliokimbia wanalifahamu bila kuelezwa. Telefone inayobebwa na mtoto inaleta vita ndani ya hema: picha za maiti, sauti za uongo kwamba mji fulani umeanguka, matusi ya kabila kwa kabila. Mashini ya DS haipokei hayo. Mtoto akicheza, anacheza.

Mapungufu yapo, tena si madogo. Kioo hicho laini kinakwaruzika. Mchanga mweusi wa Goma ukikaa juu yake na kalamu ikapita, alama haitoki. Hakielewi vidole viwili kwa pamoja. Michezo yake iko ndani ya vipande vidogo vinavyopotea haraka. Na daftari pamoja na biki vinakuja kwanza. Asiye na daftari asinunuliwe mashini. Wala haitoshi kwa mtu mzima, ambaye bila telefone hapati pesa inayotumwa wala habari za ndugu.

Kuna pia jambo ambalo halifai kupitwa kimya. Bati linaunganisha vipande ndani ya mashini za namna hiyo, na limo hata katika utando mwembamba unaopitisha umeme kwenye vioo vya kugusa. Koltan inatoa tantali ya vipande vidogo vinavyotunza umeme. Kasiterite inachimbwa Bisie, Walikale. Koltan inachimbwa Rubaya, Masisi. Mwaka 2012 shirika la Kimarekani Enough Project lilipopima kampuni kwa juhudi zao kuhusu madini ya vita, Nintendo ilipata sifuri. Mtoto wa Masisi aliyefukuzwa kwao haombi sadaka akipewa mashini kama hiyo. Kuitumia miaka 10 ao 15 zaidi, badala ya kuitupa na kununua mpya, ni heshima ndogo kwa waliochimba.

Basi ndugu anayetuma atume vizuri. Atafute DS Lite, kwani betri yake ilitajwa na kampuni kudumu masaa 15 hadi 19 mwangaza ukipunguzwa kabisa, na huku kuchaji kunalipwa. Afungue na kufunga mara kadhaa, aangalie kama bawaba haijapasuka. Abonyeze pembe zote nne za kioo cha chini. Kalamu ikigusa hapa na alama ikatokea pale, aingie kwenye mipangilio na kubonyeza vituo vinavyoonyeshwa mpaka vikubaliane. Aweke chaja yake yenyewe, maana ya telefone haiingii. Aweke kalamu tatu, kwa sababu mbili zitapotea. Zote zikipotea, kijiti chochote cha plastiki chenye ncha ya mviringo kinafaa. Biki hapana: wino wake unachafua na ncha yake inakata ngozi ya kioo. Na msumari, mtoto yeyote atakayeonekana nao karibu na kioo anyang'anywe mashini siku nzima.