Tanzania: vifuu vya nazi na gesi ya mkonge vyasubiri tanuri

Mkoa wa Tanga, kaskazini-mashariki mwa Tanzania, una vitu viwili vinavyohitajiana: minazi ya Pangani na Mkinga upande wa pwani, na mashamba ya mkonge upande wa bara.

Nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya jani la mkonge. Mengine yote ni mabaki. Huko Hale, mwaka 2008, ulizinduliwa mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi ya kuzalishia umeme. Gesi ya namna hiyo, hata hivyo, haitoki ikiwa safi. Hubeba haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya mayai viza, ambayo ikikutana na unyevu hula vyuma vya injini.

Dawa mojawapo ni kaboni amilifu. Kifuu huchomwa kwanza penye uhaba wa hewa hadi kiwe makaa, kisha makaa hayo hupitishiwa mvuke wa maji kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi. Mvuke huchimba ndani yake vitundu visivyoonekana kwa jicho, hata gramu moja ikawa na eneo la ndani la mita za mraba 1,000 au zaidi, na gesi chafu hunata humo. Ujuzi huu si mpya: mwaka 1918 Wamarekani walihimizwa kukusanya kokwa za pichi na maganda ya njugu ili kutengenezea vinyago vya kujikinga na gesi ya sumu vitani.

Makaa ya jikoni hayawezi kazi hiyo, na hapo ndipo penye kikwazo. Vifuu vipo; tanuri la mvuke na maabara ya kupima ubora ndivyo vya gharama. Sri Lanka, India na Ufilipino zimekwisha kujenga viwanda vyake, na anayeuza makaa yasiyoamilishwa huwaachia wenye viwanda sehemu nono ya faida.

Si kila mtambo unaihitaji kaboni, lakini. Kutu ya chuma, iliyo rahisi zaidi, huondoa sehemu kubwa ya salfaidi, na kwa jiko la kijijini yatosha. Kaboni hufaa kumalizia pale gesi inapoelekezwa kwenye injini.

Kwa Burundi isiyo na pwani, malighafi inayokaribiana na kifuu ni ganda gumu la mbegu ya mchikichi, ambalo nalo huweza kuamilishwa. Michikichi imejaa Rumonge, kama ilivyojaa Kigoma, kwenye ziwa lile lile.